Kosa la Rubani: Je, Ni Dhambi?

Ndege ikianguka mahali popote katika Kongo yetu, jua halijatua watu wamekwisha kutoa hukumu. Tunasimama mbele ya kanisa baada ya Misa, au sokoni Butembo, au njiani kwenda Beni, na mmoja wetu anasema, "Rubani alikosea." Wengine wanaitikia, na shauri limekwisha.

Leo tunataka kukaa kidogo na neno hilo. Tunaposema "alikosea," tunasema nini? Kwamba alipotea, kama mtu anavyopotea njia gizani? Au kwamba ana hatia mbele ya Mungu na mbele ya wajane na yatima? Hayo mawili si kitu kimoja, nasi twayachanganya kila siku.

Kwanza tufahamu kazi yenyewe. Butembo imekaa juu ya vilima, zaidi ya meta 1,700 juu ya usawa wa bahari, na kiwanja chake cha Rughenda kiko kati ya vilima hivyo. Beni iko chini zaidi, pamoja na kiwanja cha Mavivi. Kila mmoja wetu anajua jinsi mawingu yanavyoilalia nchi hii. Rubani aliye ndani ya wingu haoni kilima wala bonde. Hata mwili wake unamdanganya: unamwambia kwamba ndege imenyooka, kumbe imeinama upande. Imempasa kuamini vyombo vilivyo mbele yake, kimoja kikimwonyesha upande anakokwenda, kingine kikimwambia kimo chake. Na kwenye viwanja vyenye mitambo ya kuongoza ndege, anayo pia karatasi iliyochorwa njia ya kushukia: hapa shuka mpaka futi kadha, hapa usishuke tena. Akifika kimo cha mwisho bila kuiona barabara ya kutulia, sheria ni moja: apandishe ndege na kurudi juu. Asibahatishe.

Sasa tutazame jambo lililotokea kweli kwa jirani zetu wa Kenya. Tarehe 3 Septemba 1974 ndege kubwa ya Waingereza, Boeing 747, ilikuwa inashuka kuelekea Nairobi katikati ya mawingu. Mwongoza ndege aliwaruhusu kushuka mpaka futi 7,500. Marubani wakasikia futi 5,000. Kiwanja cha Nairobi chenyewe kipo kwenye kimo cha futi 5,327. Maana yake, watu hawa walikuwa wanaishusha ndege, pamoja na abiria wote, kwenda mahali palipo chini kuliko udongo wa kiwanja! Ndege ikatoka winguni, rubani akaiona ardhi mbele yake, akaipandisha mara moja. Ilikuwa imebaki karibu futi 70 tu, yaani meta 21 hivi, urefu wa mkaratusi mmoja mkubwa. Baadaye walitua salama.

Je, watu hao walitenda dhambi? Watoto wa katekisimu wanaweza kutujibu. Dhambi ya mauti yahitaji mambo matatu: jambo lenyewe liwe zito, mtu ajue vema kwamba ni baya, na akubali kwa hiari yake. Jambo la Nairobi lilikuwa zito, hakuna awezaye kukana. Lakini walijua? Hawakujua. Walikubali? Nani akubaliye kuigonga ardhi pamoja na watu aliopewa kuwatunza? Sikio lilikosea, moyo haukutaka uovu. Kwa hiyo twasema wazi: kukosea peke yake si dhambi. Mungu hatuhukumu kwa kuwa masikio yetu ni ya binadamu.

Hapo mwingine atasema, "Basi kila mtu aseme sikujua, na mambo yameisha." La, ndugu, hayakuisha. Kuna kutojua ambako mtu hawezi kukushinda, na kuna kutojua anakokulea mwenyewe kwa uvivu au kiburi. Aliyekubali kazi amekubali pia wajibu wa kujua yanayoipasa kazi ile. Muuguzi hawezi kusema hakusoma maandishi ya chupa ya dawa. Dereva wa lori hawezi kusema hakukagua breki kabla ya kuteremka na watu hamsini juu ya mizigo. Na rubani anayo karatasi mbele yake yenye kimo cha kiwanja. Tarakimu ile ya Nairobi, 5,327, ingeweza kuwauliza: mwaenda wapi?

Tena tuone jambo moja la kutisha. Wale waliosikia vibaya hawakuwa mmoja. Marubani wote wawili walisikia futi 5,000. Twapenda kudhani kwamba wawili wakikubaliana, ukweli umepatikana. Kumbe wawili waweza kupotea pamoja, kila mmoja akimtegemea mwenzake. Ndiyo maana msaidizi hakuwekwa pale ili aitikie tu. Amewekwa aulize. Akiona shaka akanyamaza kwa kumwogopa mkubwa wake, basi hapo tumeanza kuacha kosa na kuingia katika hatia. Na mkubwa anayemkaripia mdogo kwa kuuliza, hatia yake ni kubwa zaidi.

Liko na jambo la pili, nalo latuhusu sisi tusioendesha ndege. Wale wa Nairobi waliishi, wakaweza kuulizwa. Lakini rubani aliyekufa nani atamjibia? Wazee wetu wanakumbuka usiku wa tarehe 17 kuamkia 18 Septemba 1961. Bwana Dag Hammarskjöld, Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, alitoka Léopoldville, ndiyo Kinshasa ya leo, akienda Ndola kwa ajili ya vita vya Katanga. Ndege yake ilianguka msituni, si mbali na kiwanja, ilipokuwa ikijitayarisha kutua. Ilichukua watu 16. Mmoja tu alipatikana hai, naye akafa baada ya siku chache. Tume ya serikali ya Rhodesia ilisema mwaka 1962 kwamba kosa lilikuwa la rubani, alishuka chini mno. Tume ya Umoja wa Mataifa, mwaka uleule, haikukubali kufunga shauri hivyo. Na tangu mwaka 2015 jambo limechunguzwa tena na Jaji Mohamed Chande Othman wa Tanzania, aliyeandika kwamba yawezekana ndege ile ilishambuliwa au kutishwa, tena kwamba serikali nyingine hazijatoa hati zao zote.

Sisi hatusemi kwamba rubani yule hakukosea. Twasema kwamba jina lake lilibebeshwa mzigo kabla ushahidi haujakamilika, naye hakuwa na kinywa cha kujitetea. Amri ya nane yakataza kumshuhudia jirani uongo. Marehemu naye ni jirani. Mtu atakayesema "rubani aliua watu" bila kujua, ametenda kwa ulimi jambo lile analomshtaki rubani: ameshuka chini bila kuangalia kimo.

Basi tuyachukue haya nyumbani. Wewe mweka hazina wa jumuiya, hesabu isipolingana usiandike tarakimu ya kubahatisha. Rudi mwanzo, hesabu upya mbele ya wenzako. Wewe baba, umemwadhibu mtoto ukagundua hakuiba yeye, mwite, umwambie, "Mwanangu, nilikosea." Wengi wetu twaona aibu kurudi juu. Twafikiri watu watacheka. Lakini rubani yule wa Nairobi, laiti angeona aibu kupandisha ndege mbele ya abiria wake, leo tungekuwa tunahesabu makaburi.

Tuwaombee wote wanaosafiri juu ya milima yetu, na wanaowaendesha. Na siku nyingine habari ya ajali ikitufikia hapa Butembo au kule Beni, kwanza tuwaombee marehemu, rubani akiwa mmoja wao. Mengine tuwaachie wachunguzi kazi yao, na Mungu hukumu yake.