Zawadi Inayotoka Mfukoni kwa Mwingine



Kwaya ikizindua albamu mpya, sisi wapenzi wa nyimbo hatulali. Kwenye makundi ya WhatsApp ya vijana wa parokia ni mjadala juu ya mjadala: wimbo wa tatu, besi wameutendea haki, mpiga kinanda huyu ni hatari, ule wa sita utatufaa Jumapili ya Matawi. Mmoja anasema kanunua nakala yake mlangoni baada ya Misa ya pili. Hapo hapo mwingine anaandika, "Nirushie na mimi basi." Na mwenye nayo, kwa moyo mweupe kabisa, anarusha albamu yote kwa kundi zima.

Je, huo ni ukarimu au ni wizi?

Mimi sipendi kulijibu swali hili kwa haraka. Wapo wanaosema amri ya saba imevunjwa, mwisho wa habari. Lakini tuwe wakweli. Ukimwibia jirani mbuzi, asubuhi zizini kuna pengo. Ukinakili wimbo, mwenye wimbo bado anao. Tena Mtakatifu Augustino, katika kitabu cha kwanza cha Mafundisho ya Kikristo, anasema kwamba kitu kisichopungua kinapogawiwa, aliyenacho asipokigawa bado hajawa nacho ipasavyo. Hoja nzito hiyo! Ukiongeza kwamba nyimbo zenyewe ni za kumsifu Mungu, unabaki unajiuliza: mbona zisisambae bure?

Sasa tutazame vizuri ni nini hakipungui. Wimbo haupungui, sawa. Na wanakwaya je? Nyuma ya albamu kuna jioni nyingi za mazoezi baada ya kazi, kuna nauli, kuna gharama ya studio, kuna sare, kuna wa kupiga picha za video. Mara nyingi fedha hiyo imetoka kwenye michango ya wanakwaya wenyewe, na mauzo ndiyo yanayotegemewa kuirudisha. Bwana Yesu alipowatuma wale wanafunzi wawili wawili, aliwaruhusu kula na kunywa walichopewa kwenye nyumba zilizowapokea, maana mtenda kazi anastahili ujira (Lk 10:7). Walikuwa wamebeba Injili yenyewe, na bado jasho lao lilihesabiwa.

Katekisimu inanisaidia zaidi hapa. Katika namba 2408 inaeleza wizi kuwa ni kutwaa mali ya mtu kinyume cha utashi wake ulio wa haki. Kwa hiyo kabla ya kuuliza kama kitu kimepungua, niulize mwenyewe ametaka nini. Kwaya iliyouweka wimbo YouTube kwa mkono wake imetaka usikilizwe. Tuma linki kwa watu mia, hakuna neno. Kwaya iliyopanga CD mezani na kuandika bei imetaka zinunuliwe. Nchini Tanzania ipo pia Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 1999 inayolinda kazi hizo, lakini kwa Mkristo heshima kwa jirani inatangulia polisi.

Utaniambia: kijana wa chuo hana hela. Kweli. Namba hiyo hiyo ya Katekisimu inakubali kwamba mwenye dharura ya wazi ya chakula, malazi au mavazi hahesabiwi mwizi akitumia mali ya mwingine, kama hana njia nyingine. Ila sijasikia mtu aliyelala njaa kwa kukosa albamu. Redio ipo, na rafiki mwenye nakala yupo: mfuate, msikilize pamoja.

Hapo ndipo napoona kiini cha jambo. Zawadi hutoka kwenye kilicho changu. Mfalme Daudi alipotaka kumjengea Mungu madhabahu, Arauna alimpa uwanja wa kupuria na ng'ombe, vyote bure. Daudi akakataa. Hakutaka kumtolea Mungu sadaka isiyomgharimu chochote, akanunua kwa shekeli 50 za fedha (2 Sam 24:24). Ninapomrushia rafiki albamu nzima, mimi sijagharimika hata kidogo. Aliyegharimika ni mama wa sauti ya kwanza aliyetembea kwa mguu kwenda mazoezini, na hakuulizwa.

Basi kilicho changu ni kipi? Ni masikio yangu, muda wangu, na kile wimbo ulichonifanyia. Mwambie rafiki yako, "Sikiliza ule wa tano, nikiwa na wasiwasi wa mitihani ndio unaonituliza." Hiyo hakuna mwingine anayeweza kumpa, na kweli haipungui ukiigawa. Nadhani Augustino angeifurahia. Ukiwa na uwezo, nunua nakala ya pili umpe siku ya somo wake. Faili lililorushwa kwa watu mia mbili wengi hawalifungui hata. Neno la rafiki mmoja linamfanya mtu atafute wimbo mpaka aupate.

Tarehe 22 Novemba tunamkumbuka Mtakatifu Sesilia, msimamizi wa wanamuziki. Kabla siku hiyo haijafika, chagua kwaya moja iliyowahi kukusaidia kusali, ununue kazi yao, kisha umweleze mtu mmoja kwa nini.

Mtakatifu Sesilia, utuombee.