Je, Mgonjwa wa Akili Apona Peke Yake?

Swali hili si la waganga tu. Ni la kila mtu aliye na jirani.

Tufikiri habari ya kijana wa kijiji kimoja karibu na Kipushi. Akili yake imeharibika: asikia sauti za watu wasioonekana, halali usiku, ametupa nguo zake. Wazee wamemfunga kamba. Ndipo mama yake ampeleka Lubumbashi, mwendo wa kilometa 30 hivi, katika hospitali ya magonjwa ya akili iitwayo Dokta Joseph Guislain, inayoangaliwa na Mabruda wa Upendo. Apewa dawa, na baada ya muda atulia. Sasa amerudi, ashuka garini na kifurushi chake mkononi. Nani anamngojea?

Watoto wakimbia wakimwita kichaa. Shangazi aficha visu. Akicheka, watu husema ugonjwa umerudi. Akinyamaza, husema vivyo hivyo. Akikasirika kwa kuwa ndugu yake ameuza baiskeli yake, jambo ambalo lingemkasirisha hata katekista, hasira hiyo haihesabiwi kuwa hasira ya mtu, bali dalili ya wazimu. Basi afanye nini ili aonekane mzima? Hana njia. Na mtu akitazamwa hivyo kila siku, mwishowe hujitazama kwa macho ya wenzake: huacha shamba, huacha kuoga, huacha kusema.

Mambo haya yamechunguzwa. Mwaka 1972, huko Uingereza, mtaalamu George Brown na wenzake walitangaza habari za wagonjwa 101 waliotoka hospitali na kurudi kwao. Katika nyumba zenye lawama nyingi au uchungu uliopita kiasi, wagonjwa 58 katika kila 100 waliugua tena kabla ya miezi 9 kwisha. Katika nyumba tulivu waliugua 16 tu katika kila 100. Angalieni vema: hawakuhesabiwa wagombezi peke yao. Walikuwamo pia wale waliomhangaikia mgonjwa kupita kiasi na kumlinda kama mtoto mchanga. Kwetu mama wa namna hiyo husifiwa, ndiyo maana neno hili ni gumu kulipokea.

Mtu atauliza: basi, ni jamaa waliomtia wazimu? La, kusema hivyo ni kuwadhulumu. Ugonjwa huu waingia hata katika nyumba za amani, na dawa haziachwi. Tena jamaa hawalaumu bure. Wamekesha usiku mwingi, wamemaliza fedha, wanaogopa. Mtu aliyechoka hawezi kuwa mpole kwa kuamriwa tu. Kwa hiyo, naona mimi, deni hili halimkalii mama peke yake. Jirani naye anadaiwa: akae na mgonjwa siku moja, mama apate usingizi.

Mabruda hao walianzishwa mwaka 1807 na Padre Petrus Jozef Triest katika mji wa Gent, Ubelgiji. Mwaka 1815 walipewa vichaa waliofungwa minyororo katika vyumba vya chini vya ngome ya kale, wakawafungua. Daktari Guislain aliongoza matibabu huko tangu 1828. Lakini mfano ulio karibu nasi zaidi ni wa Mwafrika, Daktari Thomas Adeoye Lambo wa Nigeria. Mwaka 1954, huko Aro karibu na Abeokuta, aliwapanga wagonjwa katika nyumba za wanavijiji, kila mmoja pamoja na ndugu yake. Walikwenda hospitalini kupata dawa, na walilima mashamba pamoja na wenyeji. Wenyeji walilipwa kodi. Wala hilo si aibu: wema usiomfilisi mwenye nyumba hudumu zaidi.

Katika Injili ya Marko twasoma habari ya mtu wa makaburini aliyevunja minyororo. Wengine watasema: huyo alikuwa na pepo, hakuwa mgonjwa. Na iwe hivyo. Mimi nawatazama majirani zake. Waliogopa walipomwona amekaa, amevaa nguo, ana akili zake. Naye Yesu hakumruhusu kufuatana naye, bali alimtuma nyumbani kwa jamaa zake.

Nyumbani kuna kazi gani? Watu wa Kipushi wajua jambo hili. Mgodi uliposimama mwaka 1993, wanaume wengi walijifunza uchungu wa kuamka asubuhi bila kungojewa na mtu. Mgodi umeanza tena kutoa zinki mwaka 2024. Mgonjwa aliyerudi yumo katika uchungu ule ule, ila yeye hana wenzake wa kulalamika nao. Apewe kazi ya kweli: kupalilia mahindi, kuchota maji, kuezeka. Alipwe kama wengine, ale bukari katika sahani moja nao. Akivunja mtungi, aambiwe mara moja kama angeambiwa mtu yeyote, na kesho yake atumwe maji tena.