Yusufu Gerezani

Kitabu cha Mwanzo kinaeleza kwamba Yusufu, mwana wa Yakobo, aliuzwa na ndugu zake kwa vipande 20 vya fedha akiwa kijana wa miaka 17, na kwamba alikuwa na umri wa miaka 30 aliposimama mbele ya Farao, kwa hiyo miaka 13 ya ujana wake ilipita katika utumwa na kifungo ambacho hakukistahili. Kijana aliyewasimulia ndugu zake ndoto za ukuu wake bila kujali wangezipokeaje ndiye yule yule ambaye, asubuhi moja gerezani, aliwatazama wafungwa wawili, akatambua huzuni yao, akawauliza kilichowasibu. Swali hilo fupi, ambalo wasomaji wengi hulipita haraka, ndilo linaloonyesha wazi kwamba mateso yalikuwa yamemkomaza.

Hata hivyo, kumtumaini Mungu hakukumzuia kulalamikia dhuluma aliyotendewa: alimsihi mmoja wa wafungwa hao wawili, mnyweshaji, yaani mtumishi aliyempa mfalme kikombe cha divai, amtaje kwa Farao, naye akamsahau, ikapita miaka miwili mizima. Msikilizaji anayeamka leo akiwa bado hajajibiwa maombi yake ana sababu ya kutulia katika sehemu hiyo ya simulizi, kwa kuwa katika miaka hiyo miwili kitabu hakitaji neno lolote ambalo Mungu alimwambia mfungwa huyo, ila kilikwisha kusema kwamba Bwana alikuwa pamoja naye humo gerezani.