Shabaha na Nia

Ndugu yetu mmoja, aliyekuwa akihudhuria darasa letu kabla ya kwenda kusoma Marekani, ametuletea barua yenye swali. Wenzake wa chuoni wamemwalika kwenda nao katika mafunzo ya siku mbili ya kulenga shabaha kwa bunduki, shabaha ya mbali, kwa ajili ya burudani tu. Rafiki yake mmoja Mwislamu amemwambia: nenda, kwani kulenga shabaha ni Sunna. Wa pili amemwambia: usiende, huo ni upuuzi, na jina lako likionekana katika daftari la mahali pale utajitia katika mashaka. Naye atuuliza, yupi kati ya hao wawili aliye katika haki?

Tumelizungumza swali hili katika kikao chetu, tukaona kwamba halimhusu yeye peke yake. Ndani yake mna swali kubwa zaidi: je, ustadi ni wema? Mtu akijifunza kutuliza mkono wake na pumzi yake, amekuwa bora, au amekuwa hodari tu? Basi tumeona yatupasa tulijibu hadharani.

Kwanza yatupasa tukiri lililo kweli. Dini yetu haikuidharau elimu hii. Imam Muslim amepokea kwa Uqba bin Amir (R.A.) kwamba Mtume (S.A.W.) alipokuwa juu ya mimbari aliisoma aya ya 60 ya Suratul Anfal, iamrishayo kuweka tayari nguvu, akaifasiri nguvu hiyo, mara tatu, kuwa ni kutupa shabaha. Na Imam Bukhari amepokea kwamba Mtume aliwapita watu wa kabila la Aslam wakishindana kwa mishale, akawatia moyo na kusema kwamba yeye yu pamoja na upande mmoja. Upande wa pili wakaizuia mikono yao, kwani watamtupiaje mishale aliye na Mtume? Ndipo alipowaambia watupe, naye yu pamoja nao wote. Huu ulikuwa mchezo, na furaha, na Mtume hakuukataza. Basi asemaye kwamba jambo hili lote ni upuuzi amesema pasi na elimu.

Lakini asemaye "ni Sunna" kisha akanyamaza, naye amesema nusu. Na nusu ya kweli katika jambo la silaha ni khatari kuliko uwongo mzima.

Natutazame kwanza ni nini kinachofundishwa katika mafunzo hayo. Marekani yana mizizi ya zamani. Katika kambi ya Camp Perry, jimbo la Ohio, kandokando ya Ziwa Erie, mashindano ya taifa yalianza kufanywa mwaka 1907, na humo watu hupiga shabaha za yadi 200, 300, 600, hata 1000. Ziko pia darasa za siku mbili, kama zile za Project Appleseed, ambazo wafunzi wake ni watu wa kujitolea, na ambazo huchanganya mafunzo ya bunduki na masimulizi ya vita vya tarehe 19 Aprili 1775, vilivyoanzisha uhuru wa nchi yao. Huko huja wazee na vijana, wake kwa waume, na wengi wao hawatafuti zaidi ya kulitoboa karatasi pale walipokusudia.

Mwanafunzi hulazwa kifudifudi juu ya ardhi. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na huyu ainama hata kifua kikagusa mchanga. Ukanda wa bunduki huzungushwa mkononi mwake ili mifupa ndiyo ibebe uzito, wala si misuli, kwani misuli huchoka na kutetemeka, na mfupa hautetemeki. Kisha huambiwa afumbe macho, avute pumzi, aishushe, halafu afumbue atazame bunduki yaelekea wapi. Ikiwa imeepuka shabaha, hairuhusiwi kuisukuma kwa nguvu ya mkono. Sharti auhamishe mwili wake wote mpaka bunduki yenyewe ielekee mahali pake bila ya kulazimishwa. Kisha hungoja ule utulivu ulio baina ya pumzi mbili, akakivuta kifyatulio polepole, sawasawa, bila ya kukikwanyua. Na risasi ikiisha kutoka hutakiwa abaki vile vile alivyo, aseme kwa ulimi wake risasi yake imekwenda wapi kabla ya kwenda kuitazama.

Tena kuna hisabu. Kosa la inchi 1 kwa yadi 100 huwa inchi 10 kwa yadi 1000. Bunduki ya kawaida ya mashindano, iliyorekebishwa kwa yadi 100, ikipigwa kwa yadi 1000 bila ya kurekebishwa tena, risasi yake hupita chini ya shabaha kwa karibu mita 10, kwani hukaa hewani kwa sekunde moja na nusu au zaidi, na ardhi yaivuta muda wote huo. Upepo wa ubavuni wa kilomita 16 kwa saa, ambao kwetu pwani twauita upepo mwanana, waweza kuisukuma kando kwa karibu mita 2 na nusu. Kwa hivyo mlengaji hodari husoma bendera, na nyasi, na mtetemeko wa hewa ya joto, akaandika kila risasi katika daftari lake.

Na juu ya yote hayo kuna adabu ambazo kwazo mtu hufukuzwa uwanjani akizivunja. Kila bunduki ihisabiwe kuwa ina risasi. Mtutu usielekezwe kwa kitu ambacho hukukusudia kukiharibu. Kidole kisiguse kifyatulio mpaka macho yamekwisha kulenga. Ujue shabaha yako na kilicho nyuma yake. Na mtu yeyote, hata yule aliyefika asubuhi ile kwa mara ya kwanza, akiona khatari ana haki ya kupiga ukelele wa kusimamisha, na wote hunyamazisha bunduki zao, hata aliye bingwa.

Ndugu wasomaji, adabu hizi si ngeni kwetu. Mtume (S.A.W.) aliamrisha kwamba apitaye msikitini au sokoni na mishale aishike kwa ncha zake ili asimjeruhi Mwislamu. Alikataza mtu kumwelekezea nduguye silaha, hata kwa mzaha, kwani hajui huenda shetani akauvuta mkono wake. Akawalaani wenye kukifanya kitu chenye roho kuwa shabaha, na Ibn Umar (R.A.) aliwakuta vijana wa Kikureshi wamemfunga ndege wakimtupia mishale, akawakemea kwa laana hiyo hiyo. Alikataza hata kutupa vijiwe kwa vidole, kwa kuwa havimwui mnyama wa kuwinda wala havimzuii adui, bali hung'oa jicho na kuvunja jino. Na ule ukelele wa kusimamisha, si ndio mfano wa kukataza maovu, ambako aliye mdogo ana haki ya kumwambia mkubwa "simama," na mkubwa ana wajibu wa kusimama? Ni misikiti yetu mingapi, na jamaa zetu ngapi, ambamo mdogo akisema "hapa pana khatari" husikilizwa?

Sasa tufike kwenye swali lenyewe. Mtu aliyefuzu mafunzo haya amejifunza subira, utulivu, ukweli juu ya makosa yake, na unyenyekevu mbele ya upepo asioutawala. Je, si hizi ndizo tabia njema? Je, hatukuweza kusema kwamba bunduki imemlea?

Sisi twasema: la, si hivyo kwa lazima. Subira ya mlengaji ni subira juu ya karatasi. Huenda mtu akaituliza pumzi yake uwanjani, kisha akarudi nyumbani akamfokea mkewe kwa chumvi iliyozidi. Huenda akakiri kosa la risasi yake mbele ya watu, na asikiri deni lake. Ustadi ni chombo, na chombo humtumikia yeyote akishikaye. Tabia haiwi wema mpaka moyo uikusudie kuwa wema, na ndiyo maana wanavyuoni wetu, na Imam Bukhari wa mbele wao, wameifungulia vitabu vyao kwa hadithi ya nia.

Tuna mifano miwili. Wa kwanza ni wa Wamarekani na Waairishi. Mwezi wa Septemba 1874, katika uwanja wa Creedmoor karibu na New York, timu ya Ireland ilishindana na timu ya Marekani kwa yadi 800, 900 na 1000. Marekani walishinda kwa alama 934 kwa 931. Tofauti ilikuwa alama 3. Na katika Waairishi alikuwako mlengaji mmoja, J. K. Milner, aliyeipiga shabaha katikati barabara, pigo la alama 4, lakini ilikuwa shabaha ya jirani, si yake. Hakuandikiwa hata moja. Macho yake yalikuwa makali, mkono wake ulikuwa mtulivu, pumzi yake ilikuwa sawa, na risasi yake haikukosea hata kidogo. Na kwa pigo lile timu yake ilishindwa. Ni nani atakayesema kwamba alipungukiwa na ustadi?

Mfano wa pili ni wetu, nao ni mzito zaidi. Siku ya Uhud, mwaka wa 3 wa Hijra, Mtume aliwaweka watupa mishale 50 juu ya kilima, chini ya Abdullah bin Jubayr (R.A.), akawaamrisha wasiondoke, wakiona ushindi au wakiona kushindwa. Walipoona adui akimbia na ngawira imetapakaa, wengi wao waliteremka. Khalid bin al-Walid, ambaye bado hajasilimu, akazunguka na farasi wake akaingia kwa nyuma, na yaliyowapata Waislamu siku ile twayajua. Watupa mishale wale hawakukosa shabaha. Walikosa kusimama mahali pao. Mkono ulikuwa umefundishwa, lakini jicho la moyo liliiona ngawira.

Hapa ndipo tulipotaka kumfikisha ndugu yetu, na kila kijana asomaye ukurasa huu. Hapa Kenya tumeona kwa macho yetu hadithi ya kutupa shabaha ikigeuzwa kuwa chambo. Wapo wanaomwendea kijana aliyekata tamaa, wakamsomea aya ya 60 ya Suratul Anfal, wasimsomee ya 61 iifuatayo, iamrishayo kuelekea kwenye amani ikiwa wale wengine wameielekea. Wakamfundisha bunduki, na hawakumfundisha laana ya kukifanya chenye roho kuwa shabaha. Tarehe 2 Aprili 2015, katika chuo kikuu cha Garissa, watu 148 waliuawa, na wengi wao walikuwa wanafunzi walioamka asubuhi kama wanafunzi wote. Waliowaua walidai kwamba waipigania dini. Ikiwa aliyemfunga ndege mmoja na kumtupia mishale amelaaniwa, basi aliyewakusanya watoto wa watu na kuwapiga risasi amesimama wapi? Huyo naye amelenga barabara, lakini katika shabaha isiyo yake. Bali tofauti yake na yule wa Creedmoor ni kwamba yule alipoteza alama tu, na huyu amepoteza roho za watu na akhera yake.

Na sisi wenye kufundisha hatuna budi kujilaumu. Mara ngapi tumeisoma hadithi ya nguvu kwa sauti kubwa, na hadithi ya kushika ncha za mishale tukaisoma kwa haraka, au tusiisome kabisa? Kijana husikia kile tulichokikariri.

Basi jibu letu kwa ndugu yetu ni hili. Jambo lenyewe ni halali, na lina asili katika Sunna, ikiwa sheria ya nchi aliyomo yaliruhusu. Huko aliko lina ruhusa yake, na hapa Kenya silaha haishikwi ila kwa leseni, na kuiheshimu sheria hiyo ni katika kutimiza ahadi. Aende kwa uwazi na kwa jina lake, pamoja na wenzake waliomwalika, wala asiogope daftari, kwani mwenye kujificha ndiye mwenye kutiliwa shaka. Asiweke kamari juu ya shabaha. Adhuhuri ikifika aiweke bunduki chini na asali, na twadhani wenzake watamheshimu zaidi kwa hilo kuliko kwa alama zake. Tena twapenda achague shabaha ya duara kuliko ile yenye umbo la mtu, ili jicho lisizoee lisilofaa kuzoewa.

Na jioni, akiisha kuisafisha bunduki ya watu na kuirudisha, ajiulize swali alilofundishwa na mwalimu wake: nikifumba macho, nikaiacha nafsi yangu bila ya kuisukuma, kisha nikafumbua, yaelekea wapi? Ikiwa haielekei alikokusudia, basi asiilazimishe kwa maneno tu, bali auhamishe mwili wote: marafiki zake, vikao vyake, chakula chake na usiku wake. Hili hata sisi tusio na bunduki, tuliokaa barazani Mombasa au Lamu, twaweza kulifanya leo kabla ya kulala. Inchi moja ya leo ni inchi kumi za mbali, na mwendo wetu ni mrefu.

Mwenyezi Mungu atuoneshe shabaha iliyo yetu, na atupe uthabiti wa kusimama juu ya kilima chetu mpaka tuamrishwe kuteremka. Wabillahi tawfiq.