Magharibi Inaingia Saa Ngapi?

Ratiba ya sala inayobandikwa msikitini, iwe Malindi au Makunduchi kisiwani Unguja, ni jedwali tu: siku kwa mistari, sala kwa safu. Anayeijua kompyuta kwa mstari wa amri huweza kuitoa ya mwaka mzima kwa programu fupi ya awk, lugha waliyoiunda Aho, Weinberger na Kernighan mwaka 1977 kwa kazi za namna hii. Awk inajua saini na kosaini, lakini kosaini kinyume haina. Mtu huitunga mwenyewe kwa fankisheni ya mstari mmoja. Huipa programu tarehe, latitudo na longitudo, nayo humrudishia saa.

Hapo ndipo fiqhi inapoanza.

Jua liwe nyuzi ngapi chini ya upeo ndipo tuseme alfajiri imeingia? Rabita ya Makka hutumia 18, Misri 19.5, na jumuiya ya ISNA ya Marekani 15. Unguja iko karibu na ikweta, jua huchomoza karibu wima, kwa hiyo uzi mmoja ni kama dakika nne. Baina ya 15 na 19.5 kuna zaidi ya robo saa, na ndani yake mtu anaweza kuwa bado anakula daku. Alasiri nayo: Mshafi huhesabu kivuli sawa na urefu wa kitu, Mhanafi mara mbili, wakapishana kwa takriban saa nzima. Khitilafu hizi zina wenyewe. Sheikh huulizwa, akatoa hoja zake.

Inayotisha zaidi ni ile isiyo na sheikh. Tuseme hesabu imetoa Magharibi saa 12:24 na sekunde 50 jioni. Fankisheni ya int hukata sekunde na kuandika 12:24. Anayefuata ratiba atafuturu jua halijazama. Basi safu hiyo isogezwe juu. Alfajiri je? Kwa anayekula daku, kukata sekunde ni tahadhari. Kwa anayesali, ni kusali kabla ya wakati. Namba moja inadai kupunguzwa na kuongezwa kwa wakati mmoja! Ndiyo maana ratiba nyingi za Ramadhani zina safu ya imsaki, yaani ya kuacha kula, mbali na ya Alfajiri, na mwandishi wa programu anayeziunganisha ili kupunguza kazi amekwisha kutoa fatwa bila kujua.

Kisha kisiwa chenyewe. Makunduchi iko mashariki ya Mji Mkongwe kwa theluthi moja hivi ya uzi wa longitudo, na jua huizamia mapema kwa zaidi ya dakika. Ratiba moja ya Unguja nzima, ikitaka usalama, itachukua futari ya mjini na imsaki ya Makunduchi. Hata urefu wa jengo una hukumu yake: mwaka 2011 wanazuoni wa Dubai waliwaambia wakazi wa ghorofa za juu za Burj Khalifa wachelewe kufuturu kwa dakika mbili au tatu, kwa kuwa wao bado wanaliona jua.

Hadithi husimuliwa na isnadi yake, fulani kutoka kwa fulani. Faili la awk halidai hivyo, ila linaruhusu maelezo baada ya alama ya reli. Nyuzi zilizochaguliwa, madhehebu, mahali, na safu ipi imesogezwa upande gani: mistari minne inatosha, na imamu ataweza kuipinga.