Chujio Lililotupwa Kichakani

Katika chuo cha ualimu nilichokiongoza palikuwa na pampu ya maji yenye injini ndogo ya petroli. Ilikaa kando ya barabara ya vumbi, na wakati wa kiangazi chujio lake la hewa liliziba kila baada ya siku chache. Kulisafisha ni kazi nyepesi isiyo na sifa. Unaitoa sponji, unaifua kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, unaikamua bila kuisokota na kuiacha ikauke kabisa. Kisha unaitia oili safi kidogo na kuiminya ili oili ienee, kwa kuwa oili ndiyo inasayo vumbi.

Mwendesha pampu wetu alichoka na kazi hiyo. Siku injini ilipotoa moshi mweusi na kunywa petroli kupita kiasi, aling'oa chujio akalitupa kichakani.

Na injini ikapona! Ilivuta hewa kwa raha, tangi likajaa mapema, nami nikamsifu mbele ya walimu. Miezi michache baadaye alihamia kwingine na barua yangu nzuri mfukoni.

Aliyemrithi alikuwa kijana mwangalifu. Mikononi mwake injini ilianza kutoa moshi wa buluu, kumaliza oili na kugoma asubuhi. Nikamwachisha kazi kwa uzembe. Fundi alipokuja kuifungua, alikuta silinda imekwaruzwa na ringi za pistoni zimelika kwa vumbi la miezi mingi.

Rafiki zangu hunifariji kwamba sikujua. Nakubali, lakini je, kutojua kwangu kulikuwa bahati mbaya? Hesabu za petroli nilizikagua kila mwezi. Kifuniko cha chujio kilifungwa kwa skrubu moja tu, na sikukifungua hata mara moja. Yule wa kwanza naye pengine hakufundishwa na mtu. Hata hivyo, asiyejua kosa lake angeliweka chujio rafuni. Yeye alilitupa kichakani.

Nilimwita kijana nikamwomba radhi. Alinisikiliza kwa adabu, akasema, "Nimekusikia, Mkuu, lakini nimekwisha pata kibarua shambani." Barua ya sifa niliyompa mwenzake sikuitengua.