Kiu ya Tunguu

Kipupwe, ambacho ndicho baridi pekee tuliyojaaliwa watu wa pwani, kilinikuta mwaka uliopita nina debe kuukuu la samli katika roshani yetu ya Mchafukoge, na ndani yake tunguu la lile ua jekundu la duara, Scadoxus multiflorus kwa jina la wataalamu, mwenyeji wa Afrika hii hii, ambalo masika yakiisha hunyauka majani likajificha udongoni, hata mgeni akadhani debe ni tupu. Nami nilipoona udongo umepasuka niliingiwa na huruma, nikawa nalinywesha asubuhi na jioni. Nilipofukua mwezi wa Septemba nikakuta rojo la kahawia, magamba yakiteleza vidoleni, na uvundo kama wa kitunguu kilichosahauliwa chini ya gunia.

Tangu hapo limenishughulisha suala la kale miongoni mwa wanazuoni: je, Mola amnyimapo kiumbe, huwa amemwadhibu au amemrehemu? Lau ningejibu kwa tunguu peke yake, ningesema amemrehemu, maana kiu ya kipupwe ndiyo inayolipumzisha hata mvua za vuli zilikute tayari kuchanua. Na tulipu za Ulaya nazo hazichanui vyema pasipo majuma 12 hivi ya baridi kali, ambayo usiku wa Dar es Salaam, usioshuka sana chini ya nyuzi 18, hauwezi kuzipa hata zikisomewa dua.

Lakini hapa sharti nijihadhari. Nimewasikia walioshiba wakidai kwamba taabu humkamilisha mja, nao wanampita mchukuzi aliyeinama chini ya gunia la vitunguu vya Mang'ola, pale Kariakoo, mtaa uliopata jina lake kwa Carrier Corps, wapagazi wa Waingereza katika vita vya 1914 hadi 1918, ambao maelfu yao walikufa kwa maradhi na utapiamlo. Hoja hiyo siikubali. Tunguu huingia katika kiu na akiba yake, lililoikusanya ndani ya magamba majani yalipokuwa mabichi. Mpagazi wa vita vile alipakiwa mzigo bila ya akiba, na anyimwaye namna hiyo amedhulumiwa, na aliyemdhulumu ni mwanadamu.

Debe lile sasa lina tunguu jingine. Nimelisogeza chini ya upenu, na ndoo nimemwazima jirani mpaka vuli.